Siku Tulipofagia Damu

Nyumbani, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Filomena,

Umeshuka Rau kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa mezani namwandikia barua mtu ambaye jioni nitakula naye mtori wa chungu kimoja. Mama yako amepita hapa mara mbili, ameitazama karatasi, ameguna, ameondoka zake. Najua anachowaza. Anawaza kwamba mzee huyu ameshindwa kuongea na mtoto wake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ni kweli, nimeshindwa. Tangu Jumatano kila nikifungua mdomo unasema "Baba naye!" unanyanyua ndoo unakwenda mfongoni kuteka maji ya mfereji, hata kama mapipa yote yamejaa. Sasa karatasi haina mfongo wa kuukimbilia, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Mambo ya blanketi, misa ya asubuhi na marafiki wa kuwaepuka nimemwachia mama yako. Ameyasema mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nimeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni siku nne.

Nilikusikia. Jumatano jioni mlikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, wewe na Oliva, binti wa baba yako mdogo, mkikatakata migomba ya kulisha. Mimi nilikuwa upande wa pili nikitafuta panga, ambalo bila shaka mlikuwa nalo ninyi. Nikakusikia ukimwambia, "Kimo chetu kimoja, pua yetu moja. Barua ya kijiji haina picha. Wewe unaingia, unakunja mkono, wanachukua damu, unatoka. Dakika tano tu." Oliva akauliza, "Na wakigundua?" Ukacheka. Ukasema, "Wagundue nini? Baba aliwafanyia hivihivi watu wa damu, kijiji kizima, na hakuna aliyekufa."

Hakuna aliyekufa! Nilisahau panga, nikarudi ndani nikakaa kitandani na viatu vyenye matope. Mama yako akanigombeza kwa ajili ya shuka.

Najua kwa nini umefika huko, usidhani sijui. Lile shamba la maua la upande wa Arusha limekupa kazi ya kutunza stoo ya dawa za wadudu, na wamesema wazi kwamba kila mtu wa stoo atapimwa damu kabla ya kuanza, waone dawa zimemwingia kiasi gani. Na wewe unajua damu yako haitapendeza. Miaka miwili umesimama kwenye duka la pembejeo pale Moshi ukimimina dawa kutoka kwenye mapipa kwenda kwenye chupa za soda, ukiwapimia watu kwa kisoda, na chapati yako ikiwa hapohapo kaunta kando ya faneli. Umekuwa ukirudi nyumbani kichwa kinagonga, macho yana ukungu, kijiko kinacheza mkononi. Ukiulizwa unasema umechoka. Na nani alikutafutia lile duka? Ni mimi. Nani alikuwa akisema hiyo harufu ya nguo zako ni harufu ya kazi? Ni mimi huyuhuyu. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyesimama mahali pasafi.

Nimekukasirikia, Filomena, tena sana. Lakini kila nikiifuata hasira yangu naikuta imeishia kwangu, kwa sababu ujanja huu hukuuokota barabarani. Umeutoa mdomoni mwangu. Hadithi ya watu wa damu nimeisimulia kwenye kila ubatizo na kila harusi iliyopikwa mbege hapa juu. Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu, na wewe ulikuwa ukicheka kuliko wote, umekaa karibu na goti langu, ukinikumbusha nikisahau kipande. Shida ni kwamba nimekuwa nikisimulia nusu. Nusu nyingine nimeikalia miaka hii yote, nayo ndiyo hii.

Wakati ule nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Wanunuzi binafsi walikuwa ndiyo wameanza kupanda na malori yao na mizani yao, kila mmoja na maneno yake matamu, na sisi tulikuwa hatujui tumwamini nani. Dawa za kahawa, ambazo zamani zilikuja kwenye chama katika makopo yenye maandishi, zikaanza kuuzwa kila kichochoro ndani ya chupa zisizo na jina. Katikati ya vurugu hiyo wakaja watafiti. Walikuwa na gari jeupe, sanduku la barafu, na daktari kijana mwenye miwani ambaye alikuwa anaomba radhi kila baada ya sentensi mbili.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba yule kijana alitueleza vizuri. Siwezi kusema hatukuelewa. Alisema dawa tunayopuliza haiishii kwenye mti wa kahawa, inaingia kwa ngozi, kwa pua na kwa mkono unaobeba chakula. Kuna nyingine inakaa mwilini miaka mingi, hata mtu aliyeacha kupuliza bado anayo ndani. Kuna nyingine haikai, lakini inakula kitu fulani kwenye damu ambacho bila hicho misuli haiwezi kutulia, na kikipungua sana mtu anamwaga jasho, anatetemeka, mwisho anashindwa kuvuta pumzi. Alisema watapima yote mawili. Akatuomba jambo moja tu, akalirudia na kulirudia: baada ya wiki mbili tulete wale wanaopuliza sana kuliko wote, tena waje hivyohivyo wanavyotoka shambani. "Samahani wazee wangu," alisema, "msibadilishe chochote."

Sisi tukabadilisha kila kitu.

Ilianza na uvumi, na sijui nani aliuanzisha, ila najua nani aliubeba. Watu walisema wale wenye malori watapewa majibu, na kijiji chenye sumu kwenye damu kahawa yake haitanunuliwa na mtu. Halafu kijiji cha juu walikuwa wamekwisha kupimwa, na habari zikawa zimeshuka kwamba wamekutwa vibaya. Unatujua sisi na watu wa juu. Nikaitisha kikao. Nikasimama pale mbele na kalamu mfukoni, nikasema kijiji chetu hakiwezi kuaibishwa mbele ya wageni. Yaani tulifagia damu yetu kama tunavyofagia uwanja askofu akitangazwa anakuja.

Nilikataza watu kupuliza wiki zote mbili. Nikaagiza kila atakayepimwa anywe maziwa asubuhi na jioni, kwa sababu wote tuliamini maziwa yanaosha sumu. Hayaoshi, mwanangu, hata unywe ya ng'ombe wote wa mlimani, na nakuomba ulishike hilo kwa sababu kule shambani nako watakuambia unywe. Kisha nikachukua orodha ya wapulizaji nikaichambua. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mdogo wangu Kanuti.

Baba yako mdogo ndiye aliyekuwa akipulizia nusu ya kijiji. Bomba la mgongoni lilikuwa kama sehemu ya mwili wake. Lilikuwa linavuja kwenye mshono wa chini, kwa hiyo alikuwa anajifunga gunia la mbolea kiunoni, na gunia lenyewe lilikuwa linalowa kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa akirudi nyumbani shati limekuwa na madoa ya kijani, anapakata Oliva mdogo, anakula, ndipo anakwenda kuoga. Kama kuna damu ambayo yule daktari alikuwa akiitafuta Kilimanjaro nzima, ilikuwa ile. Mimi nikaitoa. Nikamweka binamu yetu Yusto, karani wa ofisi Dar es Salaam, aliyekuja likizo na hajawahi kushika bomba tangu azaliwe. Nikamwambia siku hiyo jina lake ni Kanuti.

Kanuti alikubali. Nataka nikuambie hilo pia, nisijibebeshe utakatifu wa kuwa mwovu peke yangu. Alisema, "Kaka, kama ni kwa ajili ya kahawa, sawa." Akaenda zake kukata majani.

Siku ya kupimwa tulikuja tumevaa kama tunakwenda kupokea kipaimara. Makoti, viatu vilivyong'aa, harufu ya sabuni mpaka nje. Yule kijana akatutazama, akavua miwani akaifuta, akatutazama tena. Akamshika Yusto mkono akaugeuza, akasema, "Samahani, viganja vyako ni laini sana kwa mpulizaji." Yusto akajibu haraka, "Navaa glavu, daktari." Filomena, hakuna mtu kijijini aliyekuwa ameiona glavu. Tuliuma midomo. Mzee mmoja alitoka nje kabisa akacheka nyuma ya ukuta. Hapa ndipo huwa naishia nikisimulia, na hapa ndipo huwa mnapiga makofi.

Majibu yalikuja msimu ukiwa umekwisha, bahasha moja moja, kila mtu na jina lake na muhuri, na chini nikatia sahihi yangu ya katibu. Damu yetu ilikuwa nzuri ajabu. Tukapongezwa kwa barua. Kijiji cha juu, waliokwenda na matope yao na magunia yao viunoni, wakaletewa glavu, mabuti, vitambaa vya uso, na bwana mmoja aliyekaa nao miezi akiwafundisha kuchanganya dawa na kuziba mabomba yanayovuja. Sisi tulipeleka malalamiko! Mimi mwenyewe niliandika, kwa mwandiko huuhuu, nikiuliza kwa nini kijiji chetu kimebaguliwa. Wakanijibu kwa adabu kwamba sisi hatuhitaji. Ningekuwa na uwezo wa kumshika yule katibu shati nikamtikisa, ningemtikisa mpaka leo.

Lakini si hilo lililonifanya nikae kitandani na viatu. Ni ile karatasi ya Kanuti. Alijua fika kwamba damu ile ni ya Yusto. Mimi nilijua. Lakini karatasi ilikuwa na jina lake, na muhuri, na neno "salama," na baada ya miezi michache tulianza kuiamini, sisi wenyewe tulioitengeneza. Nilikuwa nikimwona anakohoa na kutema mate mengi, nasema moyoni, "Si alipimwa?" Naye nilimsikia akimwambia mtu aliyemshauri apumzike, "Mimi damu yangu inastahimili, ilipimwa." Shemeji yangu, mama yake Oliva, yeye hakujua kitu chochote kuhusu Yusto. Aliiweka ile karatasi nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu sebuleni. Hivi ndivyo itakavyokuwa kwako. Utaanza kwa kujua kwamba ile ni damu ya Oliva, na kabla ya Krismasi utakuwa umesahau.

Miaka miwili baadaye mvua ilizidi na ugonjwa wa chule buni ukaharibu kahawa ingali mbichi. Watu walichanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja ili wapulize mara moja wamalize. Kanuti alikuwa shambani kila siku. Siku moja akarudi anatapika, jasho linatiririka na mlima mzima una baridi. Wakampeleka zahanati. Mganga akauliza kama anashika dawa, na shemeji, maskini, akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, lakini damu yake ilishapimwa na wataalamu, ikakutwa salama. Karatasi alikuwa ameibeba kwenye mkoba. Mganga akaisoma, akaona muhuri, akatibu malaria. Wewe ungefanya nini? Kanuti akapata nafuu kwa kulala ndani siku tatu mbali na bomba, sote tukasema dawa ya malaria imefanya kazi, na siku ya nne akarudi shambani.

Tulimwokota chini ya mti wa kahawa. Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, tukashuka naye Moshi hospitali, mimi nikiwa nimeshika kichwa chake na mate yakinilowesha mikono. Alikuwa haongei. Macho yake, ile mboni nyeusi, ilikuwa imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Daktari aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, hana haraka hata kidogo. Akauliza, "Anafanya kazi gani huyu?" Shemeji akasema anapuliza kahawa, akampa karatasi. Yule mama akaisoma mara mbili, akamtazama Kanuti, akaisoma tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Hapa pamesainiwa na katibu. Ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Hii damu iliyoandikwa hapa ilikuwa ya huyu?"

Filomena, shemeji alikuwa amesimama kushoto kwangu amemshika Oliva mkono. Kanuti alikuwa anahema kama mtu anayezama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa fupi. Nikasema, "Ndiyo, ni ya kwake."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Uongo wa kwanza niliufanya na kijiji kizima, kwa kicheko, na naweza kuusingizia malori na uvumi. Huu wa pili niliufanya peke yangu, kwa sababu nilimwonea aibu mke wa ndugu yangu. Niliona heri Kanuti atibiwe kwa kubahatisha kuliko shemeji anitazame vibaya. Nilidhani ukisema uongo mara moja umemaliza. Kumbe unarudi kuulizwa, tena unaulizwa siku mbaya kuliko zote, na mtu ambaye huwezi kumcheka.

Yule mama aliishinda karatasi. Aliiweka chini, akasema, "Mimi naamini macho yake," akamchoma sindano ya kuzuia sumu usiku uleule, akatoa damu upya akaituma ipimwe. Kanuti akapona mapafu. Wiki tatu baada ya kurudi nyumbani miguu ikaanza kufa ganzi, kwanza vidole, kisha nyayo, kisha ndiyo hivi unavyomjua, hatembei. Ninyi watoto, na shemeji pia, niliwaambia ni malaria iliyopanda. Majirani wakasema karogwa, na mimi nikawaacha waseme. Siku nilipokwenda kuchukua majibu yake yule mama alinikalisha. Hakunigombeza, na hilo lilinichosha zaidi. Alisema kila mtu ana kipimo chake cha hicho kitu kwenye damu, alichojaliwa tangu kuzaliwa, mwingine kingi mwingine kidogo, na ndiyo maana hupimwa kabla ya kazi: ili baadaye wakulinganishe na wewe mwenyewe. "Ukimlinganisha mtu na damu ya mwenzake," alisema, "hujampima yeyote." Nafikiri alijua. Nilikunja karatasi nikaondoka bila kuaga.

Sasa hebu niambie, wewe mwenye akili za darasani. Wale wa maua wamesema watawapima tena kila baada ya miezi michache. Utamwita Oliva kila mara? Ataacha ng'ombe, apande basi, akunje mkono, arudi, mpaka aolewe, mpaka azeeke? Au safari ya kwanza damu iwe yake na ya pili iwe yako, halafu muuguzi akae na namba mbili za wasichana wawili akitoa na kujumlisha? Kama kipimo cha Oliva ni cha chini kwa asili, chako kitakuwa kimeliwa nusu na wao wataona hujapungukiwa na kitu. Utakuwa unatetemeka ndani ya stoo na jalada linasema uko vizuri. Ninachoka kabisa nikiwaza. Nimekusomesha mpaka kidato cha nne, umepasi kemia kuliko wavulana, halafu unakuja kufanya ujinga ambao mimi wa darasa la saba niliufanya kabla yako.

Na kinachonitia wazimu zaidi ni kwamba hata hukuhitaji. Hicho kinacholiwa hurudi chenyewe mtu akikaa mbali na dawa. Yule mama daktari aliniambia hivyo, kwamba ni wiki kadhaa, pengine miezi kadhaa, si maisha. Wakikukuta uko chini watakuambia usiingie stoo kwanza. Labda watakuweka kwenye kufunga maua, labda watakurudisha nyumbani usubiri. Hilo ndilo unaloliogopa? Kukaa hapa mwezi mmoja au miwili ukila ndizi na kugombana na mimi? Umevumilia miaka ishirini.

Sitaki kukudanganya tena kwenye barua inayohusu uongo, kwa hiyo nakubali kwamba wanaweza pia wasikuchukue kabisa. Wanaweza kusema kuna wengine wenye damu nzuri, nenda. Nitaumia. Nimemwambia kila mtu aliyekuja kununua maziwa kwamba Filomena amepata kazi ya stoo. Lakini nitapokea hiyo aibu. Nitakwenda stendi ya Moshi mwenyewe kukupokea, nitabeba sanduku lako, na atakayeuliza nitamwambia kwamba binti yangu ana dawa kwenye damu kwa sababu baba yake alimpeleka dukani. Hilo najua kulisema sasa. Leo nimejifunza.

Maana leo, wakati wewe unajiandaa kwenda Rau, mimi baada ya misa sikuja moja kwa moja nyumbani. Nilikwenda kwa Kanuti. Nilikata jani la sale pale mpakani nikalishika mkononi kama desturi yetu ya kuomba msamaha inavyotaka, na nikajiona mjinga njia nzima, mzee mwenye koti la kanisani na jani. Shemeji aliponiona nalo alishtuka, akaacha ungo. Nikamwambia kila kitu, kuanzia Yusto mpaka lile neno nililosema hospitali. Kanuti alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anatazama kilele cha Mawenzi kilivyojitokeza kwenye mawingu.

Shemeji alifuta mikono kwenye kanga. Halafu akasema, "Mae! Shemeji, miaka yote hii nimekuwa nikisali novena malaria imtoke. Kumbe nilikuwa nasumbua mbingu kwa ugonjwa ambao hakuwa nao." Hakulia. Alilipokea jani, kwa sababu jani halikataliwi, lakini alilipokea bila kunitazama, na sijui lini atanitazama. Kanuti ndiye aliyezungumza mwishoni. Alisema, "Kaka, nilikubali mwenyewe. Ila pale hospitali, nilikusikia."

Alinisikia, Filomena. Nilidhani amezimia. Miaka yote hii amekuwa akinikaribisha kahawa huku akijua.

Oliva alikuwa jikoni, amesikia yote. Alitoka akasimama mbele yangu akiwa bado na mwiko. Akasema, "Baba Mkubwa, nilimwahidi Filomena kwamba kesho nitakwenda naye." Nikamwambia najua. Akamtazama baba yake miguuni, kisha akasema, "Mwambie siendi. Mimi nitashindwa kumwambia."

Kwa hiyo nakuambia mimi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi Oliva hatakuwepo barabarani. Usimfuate kwao, usimwite msaliti, na usimwambie mama yake neno lolote isipokuwa shikamoo. Wa kukasirikiwa ni mimi, niliyekwenda kuvuruga mpango wenu nyuma ya mgongo wako. Kasirika basi. Najua utakasirika, umerithi kwangu. Panda basi ukiwa umenuna, usinipungie mkono ukitaka. Fika kule umenuna, ingia kwenye kile chumba, na muuguzi akikuuliza umefanya kazi gani kabla ya hapa, mwambie: duka la pembejeo, miaka miwili, dawa nilizipima kwa kisoda. Kisha kaa kwenye kiti, kunja mkono wa gauni, umpe mkono wako mwenyewe.

Baba yako